Kinaa na pikipiki: tunanunua kwa fedha ya nani?



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya tena katika siku hii tukufu ya Ijumaa, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Somo letu la leo ni juu ya kitu ambacho kila mmoja atakiona mara tu atakapotoka mlangoni mwa msikiti. Zimepangwa pale chini ya mwembe, nyingine mpya zinang'aa, nyingine zimefungwa kwa mpira na waya. Ni pikipiki zetu.

Sisi hapa Kindu tunaiita moto. Mtu anasema "nimekuja na moto", na hakuna anayekimbia kutafuta maji ya kuzima. Jina hilo tulilitwaa kwa Kifaransa, lakini mimi naona limekaa vizuri pia katika Kiswahili chetu, maana moto wa jikoni huivisha sombe, na huohuo ukiachwa bila mtu unakula nyumba.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alinijia. Alingoja wenzake waondoke kwanza. Akaniuliza: "Shehe, kila Ijumaa mnatuambia tukinai, turidhike na tulicho nacho. Mimi nina miaka ishirini na sita, nina mke na mtoto, nasukuma kinga. Nikitaka moto, nimekosa kinaa?" Nilimjibu haraka haraka, kama tunavyojibu tukiwa tumechoka, kwamba asubiri riziki yake. Akashukuru, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilichompa hakikuwa jibu. Leo najaribu kumjibu, na wenye swali kama lake wasikilize pamoja naye.

KINAA SI KUKATAA CHOMBO

Tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika sura ya An-Nahl (16), aya ya 8, Mwenyezi Mungu anataja farasi, nyumbu na punda, na anaeleza kuwa amewaumba ili tuwapande na pia wawe pambo. Kisha anatujulisha kuwa anaumba na vingine ambavyo sisi hatuvijui. Wako wafasiri wa zama zetu ambao wakifika hapo hutaja gari-moshi, motokaa na ndege. Sioni kwa nini pikipiki ibaki nje. Tazameni pia kwamba aya haikutaja kupanda peke yake, imetaja na pambo. Basi mtu akifurahia rangi ya chombo chake, akakipangusa asubuhi kabla ya kwenda kazini, hilo peke yake si dhambi.

Na katika sura ya Az-Zukhruf (43), aya ya 13 na ya 14, tumefundishwa la kusema tukishakaa juu ya chombo: kukiri kwamba sisi wenyewe hatukuwa na uwezo wa kukitiisha, na kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Dini iliyoweka dua ya kupanda chombo haiwezi kuwa dini inayokataza kuwa na chombo. Ninyi motari mnaobeba abiria, nawauliza kwa wema: ni wangapi mnaisoma dua hiyo kabla ya kuwasha?

Basi kinaa ni nini? Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba utajiri hauko katika wingi wa vitu, makao yake ni katika nafsi. Hakusema kuwa vitu ni vibaya. Alituonyesha mahali utajiri unapokaa, ili tusiutafute sokoni. Hapa mjini tunaye mtu ana kinga moja na analala usingizi, na tunaye mwenye moto tatu zinazozunguka barabarani, naye usiku anahesabu za jirani.

FARASI MMOJA, WATU WATATU

Hadithi inayonisaidia zaidi katika jambo hili ni ile ya farasi. Nayo pia ni ya Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwagawa wenye farasi mafungu matatu. Kwa mtu wa kwanza farasi ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni yuleyule, miguu yake ni minne ileile. Wa kwanza amemfuga kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu. Wa pili amemfuga ili ajitosheleze, asinyooshe mkono kwa watu, wala hasahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo juu ya mali hiyo. Wa tatu amemfuga kwa kujionyesha, kwa kujifakharisha, na kwa uadui juu ya Waislamu.

Sasa wekeni moto mahali pa farasi.

Wa kwanza mnamjua. Yuko katika safu zetu, wala sitamtaja, maana akisikia jina lake kwenye karatasi hii hatanisalimu tena. Usiku wa manane mlango wake unagongwa: mama fulani ameshikwa na uchungu, mtoto ana homa kali. Anavaa, anatoa moto, anakwenda hospitali na kurudi, na asubuhi akiulizwa bei ya esansi anasema ilikuwamo ndani.

Wa pili ndiye yule kijana aliyeniuliza swali. Anataka chombo ili mke wake asiende kuomba unga kwa jirani. Mtume (s.a.w.) ameiita sitara, ndugu zangu. Ni kama nguo inayofunika aibu ya mwili. Mtu anayetafuta sitara hajakosa kinaa, na mimi nilimkosea nilipompa jibu la kumnyamazisha.

Wa tatu ni mgumu kumtambua, kwa sababu hakuna mtu anayesema "nanunua ili nionekane". Wote tunasema ni ya kazi. Tangu 2019 shule za msingi za serikali zimefanywa kuwa za bure, lakini sekondari bado tunalipa. Kuna baba ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo ya sekondari, nyumba inavuja, naye amenunua moto. Ukimuuliza, ni ya kazi. Lakini kazi yake iko hatua mia mbili kutoka kwake. Mimi hujiuliza swali moja tu, na kila mtu ajiulize mwenyewe bila kumwambia jirani: kama ningehamia mji ambao hakuna mtu hata mmoja anayenijua, ningeinunua bado?

Sura ya Al-Adiyat (100) wengi wetu tunaijua kwa moyo tangu chuoni. Ina aya 11 fupi. Inaanza na farasi wanaokwenda mbio wakihema, kwato zinatoa cheche, vumbi linatimka alfajiri. Watoto wanaipenda kwa sababu ya mbio hizo. Halafu ghafla sura inamgeukia binadamu, jinsi asivyo na shukrani kwa Mola wake, na jinsi mapenzi yake ya mali yalivyo makali. Inaishia makaburini, siku yaliyomo yatakapotolewa na ya vifuani yatakapowekwa wazi. Yako maelezo yanayounganisha mwanzo na mwisho wa sura hii hivi: farasi amepewa majani na maji tu na bwana wake, na anamkimbilia mpaka pumzi inamwishia. Binadamu amepewa zaidi ya majani.

KUTAZAMA CHINI

Mtume (s.a.w.) alitufundisha, katika hadithi iliyomo kwa Muslim, tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia, tusiwatazame walio juu, ili tusije tukaidharau neema tuliyo nayo.

Wazee waliomo humu wanakumbuka vita vya 1998 hadi 2003. Wakati ule kinga ndiyo ilikuwa lori letu. Mwanaume alifunga madumu ya mafuta ya ngazi huku na huku, akaisukuma msituni siku nyingi, matope mpaka gotini, ili arudi na chumvi na sabuni. Hakuipanda, aliisukuma. Mwenye kinga nzima yenye mipira mizuri alikuwa mtu wa kutafutwa, na kina mama walimwita bwana. Wenzetu wa Kisangani nao walikuwa na toleka zao, kinga za kubeba abiria, na watu wakaheshimika na kuoa kwa kazi hiyo. Leo kijana akija kuposa na kinga, mashemeji wanaangaliana. Kinga haikubadilika hata msumari mmoja.

Lakini nitasema neno, na wenye mali wanisamehe. Hadithi hii kila mtu ajisomee mwenyewe. Nimewahi kumwona tajiri juu ya moto mpya akimsomea hadithi ya kutazama chini mtu aliyekuja kumdai malipo yake ya siku. Yule maskini alikuwa anajua kutazama chini kuliko yeye. Alitaka alipwe.

MOTO YA DENI

Tufike sasa penye uzito. Kukopa si haramu. Bi Aisha (r.a.) ametusimulia, nayo imo katika Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alinunua chakula kwa Myahudi mmoja kwa mkopo, akamwekea rehani deraya yake ya chuma. Na mkiulizwa aya gani ni ndefu kuliko zote katika Kurani, ni aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara (2), na habari yake ni deni: liandikwe, muda wake ujulikane, mashahidi wawepo, mwandishi awe mwadilifu. Zipo aya za pepo na aya za vita na aya za talaka, lakini iliyopewa nafasi kubwa kuliko zote ni ya kalamu na karatasi ya deni. Sisi tunaandika majina ya waliochanga kwenye arusi, lakini moto ya zaidi ya dola elfu tunakabidhiana kwa maneno, kando ya barabara, mbele ya fundi kwado anayeziba mpira.

Desturi ya mjini mnaijua. Mwenye moto anampa kijana, na kila jioni kijana analeta fedha, ile versement. Wakikubaliana, baada ya miezi kadhaa moto inakuwa ya kijana. Tuchukue mfano, si bei ya duka lolote. Tuseme moto kwa taslimu ni dola 1,100. Kijana atalipa dola 6 kila jioni, siku 6 kwa wiki, wiki 43. Sita mara sita ni 36, na 36 mara 43 ni 1,548. Amelipa dola 448 juu ya bei ya taslimu. Je, hiyo ni riba? Wanazuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Imam Shafi'i ni pamoja nao, wameruhusu bei ya mkopo kuwa kubwa kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba mmeafikiana bei moja tangu mwanzo, na muda unajulikana. Penye riba ni pale kijana anapochelewa na mwenye moto anasema: "Sawa, nakuongezea mwezi, lakini ongeza dola 50." Dola hizo 50 ni za haramu hata kama kijana amezikubali kwa kicheko. Aya ya 280 ya sura hiyohiyo inatuagiza kumpa nafasi mdaiwa aliyebanwa mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi.

Lipo na jingine linalotuumiza zaidi hapa kwetu. Kijana amelipa wiki 38, amebakiza 5. Anaugua malaria, halipi wiki mbili. Mwenye moto anakuja na kuichukua, na kila kilicholipwa kinapotea. Ukimuuliza anasema ilikuwa ya kukodisha. Siku walipoanza alisema ni ya kununua. Ndugu zangu, chagueni moja. Ikiwa ni kukodisha, basi ni kukodisha, na kijana asidanganywe kwamba ana sehemu katika chombo. Ikiwa ni kuuza, basi kijana ana haki ndani yake, na hesabu lazima ifanywe kabla ya chombo kurudi. Mkataba ambao siku ya furaha ni mauzo na siku ya shida ni kodi, huo ni kula mali ya mwenzako.

Na wewe kijana, hesabu vizuri nawe. Wiki 43 ni siku 258 za kazi. Umehesabu mvua ya Maniema, ambayo ikikaa asubuhi hakuna abiria mpaka saa sita? Umehesabu mnyororo, mafuta ya injini, matairi, matanga ya mjomba, na siku polisi wa barabarani wanapokusimamisha? Na esansi ya chupa kwa kina kadhafi inanunuliwa kabla hujapata hata abiria mmoja. Aliyehesabu siku 258 bila kuugua hata moja amehesabu maisha ya mtu mwingine. Ongeza muda, punguza fedha ya jioni, ndipo utie sahihi.

Fedha ya kuanzia nayo inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye kitambaa cha mama. Mume anamwambia mke: "Nipe mtaji wako wa sokoni, moto ikianza kazi nitaurudisha." Moto inaanza kazi, mtaji haurudi, na mama aliyekuwa akiuza mchele wake mwenyewe sasa anangoja mume arudi jioni ndipo ajue watoto watakula nini. Sura ya An-Nisaa (4), aya ya 4, imetufundisha juu ya mahari kwamba mume hali kitu cha mke ila kile ambacho mke mwenyewe ametoa kwa nafsi iliyoridhika. Kuridhika si kunyamaza. Mke aliyenyamaza kwa kuogopa ugomvi hajaridhika.

SANDUKU LA SANDA

Salama bin Al-Akwa' (r.a.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba jeneza lililetwa mbele ya Mtume (s.a.w.) ili aliswalie. Akauliza kama maiti ana deni. Wakasema hana, akamswalia. Likaletwa jingine, akauliza, wakasema analo. Akawaambia wamswalie wao mwenzao. Abu Qatada akasema deni lile ni juu yake yeye. Hapo ndipo Mtume (s.a.w.) alipomswalia. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu riziki, Mtume alichukua yeye mwenyewe madeni ya waliokufa bila kuacha cha kuyalipia. Fikirini uzito wa jambo ambalo lilimfanya mwenye huruma kuliko watu wote arudi nyuma hatua moja mbele ya maiti.

Hadithi hiyo siisomi kama wengine wanavyoisoma. Wazee wa msikiti wanajua nitakayoyasema. Wengi wenu hamjui, na nimewaomba wazee ruhusa ya kuyaandika.

Mwaka 2012 mimi ndiye niliyeweka sanduku la mazishi la mtaa wetu. Kila nyumba ilitoa franka 500 kwa mwezi kwa ajili ya sanda, mbao, na chakula cha wachimba kaburi. Nilikuwa na kinga kwa miaka kumi na moja. Walimu wawili niliofundisha nao walikuwa wamenunua moto mwaka uleule, na asubuhi walinipita wakipiga honi kwa urafiki. Mimi nilisikia dharau. Haikuwapo. Niliitia mimi.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa na moto ya bei nzuri, akasema wiki ijayo bei inapanda. Nilipungukiwa dola 140. Sandukuni mlikuwa na 163, maana tulikuwa tukibadilisha franka ili zisipoteze nguvu. Sikujiambia naiba. Nilijiambia naazima mpaka mshahara utoke. Niliandika hata karatasi ya deni, nikatia sahihi kama mkopaji, na nikatia sahihi kama mkopeshaji. Shahidi hakuwapo. Mimi niliyekuwa nikifundisha aya ya 282.

Mshahara ukachelewa, kama kawaida yake. Siku ya kumi na moja, kabla ya Alfajiri, mke wa mzee mmoja jirani yetu akafariki. Mwanamke hukafiniwa kwa vipande vitano, ndiyo sunna, na kitambaa hakingoji mshahara. Wazee wakanituma kwenye sanduku. Nikawaambia ufunguo umepotea. Nikapanda moto gizani, nikamgongea muuza vitambaa, nikachukua sanda kwa deni la jina langu. Mbao nilizitoa kwa zile dola 23 zilizobaki.

Baada ya swala ya jeneza wakasema mzee hawezi kutembea mpaka makaburini, apakiwe. Nani ana moto? Mwalimu anayo. Akakaa nyuma yangu, akaishika kanzu yangu kwa mikono miwili, njia nzima hakusema neno. Tulipofika aliweka mkono wake kichwani pangu, akaniombea kwa Mwenyezi Mungu akibariki chombo kilichomfikisha kumzika mkewe. Watu waliokuwa karibu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.

Matanga yalipokwisha niliwaendea wazee wawili wa msikiti, nikawaeleza yote pamoja na habari ya ufunguo. Mmoja alitazama chini. Mwingine aliuliza jambo moja tu: "Moto iko wapi?" Niliiuza wiki ileile kwa hasara, nikarudisha za sanduku, nikamlipa muuza vitambaa. Sanduku lilihamishwa kwa mama mmoja muuza mchele, na mpaka leo liko kwake, na hesabu zake ni safi kuliko zangu zilivyokuwa hata kabla ya siku ile. Wazee hawakunitangaza. Waliniamuru kitu kimoja, nimwambie mzee kwa mdomo wangu.

Nilikwenda baada ya Magharibi. Nilipomaliza kueleza, aliniuliza: "Basi mama watoto alizikwa kwa sanda ya deni?" Nikasema ndiyo, baba, na deni hilo limelipwa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia alete chai, vikombe viwili.

Niliendelea na kinga yangu miaka mitatu. Mwaka 2015 nilinunua moto ya mkono wa pili, TVS, kwa fedha ya mpunga na ya mafuta ya ngazi ambayo mke wangu alijua kila dola yake. Ndiyo ile pale nje yenye kiti kilichoshonwa. Fundi kwado akinisikia kwa mbali anaanza kutafuta pampu. Na kusema kweli, ikipita mpya bado macho yangu yanaifuata mpaka kona ya soko. Kinaa haikuniingia siku moja ikakaa. Kila asubuhi inabidi niitafute tena, kama vile swala ya jana haitoshi kwa leo.

Kijana uliyeniuliza, ukiwa umo humu: hujakosa kinaa kwa kutaka moto. Nenda kaulize bei. Lakini kabla ya kuuliza bei, kaa na mke wako mhesabu fedha, na kila franka muitaje mwenyewe ni nani, yako, yake, ya mama yako, ya watoto wa ndugu aliyekufa, ya sanduku lolote ulilokabidhiwa. Zisizo zako ziwekeni kando, hata kama zinayobaki hayatoshi ila mnyororo wa kinga. Kisha mfanye istikhara.

Juu ya zaka tumeulizwa mara nyingi, tujibu kwa ufupi. Moto unayoipanda au kuifanyia kazi yenyewe haina zaka, kwa mfano wa farasi wa Muislamu ambaye Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa hatozwi. Fedha inayoingia ndiyo ya kuangaliwa: ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo, inatolewa asilimia 2.5. Mwenye kununua na kuuza moto kama biashara anahesabu zile alizo nazo dukani kwa bei ya siku ya zaka.

Wenye mkataba wa moto, mwenye chombo na mwenye kukipokea, waje pamoja Jumapili baada ya swala ya Alasiri, upande wa chuo. Watakuwapo watu wawili wanaojua kuandika Kiswahili na Kifaransa, na mashahidi. Karatasi na kalamu zipo, hakuna malipo. Tunaomba mje kabla ya kukabidhiana, si siku ya ugomvi.

Wabillahi tawfiq.